Kutoka Longido hadi Kange kwa siku moja

Coaster ilitoka Namanga saa kumi na moja alfajiri, taa za ndani zimezimwa, nusu ya abiria wamelala. Mimi sikulala. Safari hii nilikuwa nimeingojea miaka: kupita kwenye viwanja viwili vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa siku moja, kwa magari ya kawaida ya abiria, nianzie mpakani na kumalizia Tanga, nyumbani. Kwenye viwanja hivyo damu ilimwagika siku moja, Jumanne tarehe 3 Novemba 1914. Kati ya kimoja na kingine kuna zaidi ya kilomita 350 ukipima moja kwa moja angani. Waliopanga mapigano hayo walikusudia yawe pigo moja.

Sisi watu wa Tanga tunaikumbuka zaidi tarehe 4. Ndiyo siku ya nyuki, ndiyo siku Mwingereza aliyokimbizwa hadi majini, na hadithi yake watoto wa Chumbageni na Ngamiani wanaijua kabla hawajaanza kusoma historia darasani. Tarehe 3 hutajwa kwa sentensi moja, kisha msimuliaji anaruka. Nadhani tunakosea. Yaliyotokea tarehe 4 yalikuwa yamekwisha kuamuliwa siku moja kabla, na sehemu yake yaliamuliwa mbali na Tanga, kwenye mlima ambao wengi wetu huupita tukiwa tumesinzia.

Kulipoanza kupambazuka mlima ukajitokeza mbele yetu, mweusi, kichwa chake kimefunikwa na ukungu. Longido una urefu wa mita zipatazo 2,600, na kwa kuwa umesimama peke yake kwenye mbuga tambarare, mtu aliye juu yake anaona kila kinachotimua vumbi kutoka mpakani. Mwaka 1914 Wajerumani waliuona umuhimu huo mapema. Meja Georg Kraut aliweka pale askari weusi wapatao mia sita na Wajerumani kadhaa wapanda farasi, wakazilinda chemchemi za mlimani. Kwenye nchi ile, mwenye chemchemi ndiye mwenye mji.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kimaasai, miguuni pake dumu la njano la lita ishirini. Mfuniko wake ulikuwa umepotea, akauziba mdomo kwa kipande cha mfuko wa plastiki na kukikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Gari likiruka tuta, anaweka kiganja juu ya mdomo wa dumu kabla hajajishika mwenyewe. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, ni maziwa hayo?"

"Marahaba mwanangu. Ni maji."

Nikashangaa kidogo, maana nilisikia Longido kuna bomba siku hizi. Akasema lipo, lakini yeye anakokwenda ni ndani zaidi, na kwamba maji ya kubeba hayaringiwi. Basi. Akageukia dirishani.

Nalitaja dumu hilo kwa sababu mapigano ya Longido yalimalizwa na maji. Usiku wa tarehe 2 Novemba, Brigedia Jenerali J. M. Stewart wa jeshi la Waingereza aliondoka Namanga na watu wapatao 1,500: Wapunjabi wa kikosi cha 29, askari wa mtawala wa Kapurthala huko India, walowezi wa Kizungu wa Kenya waliopanda farasi, na mizinga ya milimani. Walitembea usiku kucha wapate kuushambulia mlima alfajiri kutoka pande zaidi ya moja. Maji yao yalibebwa na nyumbu. Hapa Kiswahili kinataka uangalifu: si nyumbu wa Serengeti, ni wale wa kufugwa, watoto wa punda na farasi. Kulipokucha, ukungu ulikuwa umetanda kama niliouona mimi. Wapunjabi wakapanda, wakafika karibu na ngome kuliko vile Kraut alivyotarajia, ukungu ukainuka, na askari wa upande wa pili wakawarudisha kwa risasi na kwa mashambulizi ya pembeni. Kufikia mchana hakuna aliyekuwa ameshinda. Kilichobaki ni kuona nani ataweza kukaa.

Lakini nyumbu wa maji walikuwa wameshambuliwa njiani, wakatoka mbio na kutawanyika porini na mizigo yao. Ebu fikiria watu elfu na mia tano, wametembea usiku kucha, wamepigana tangu alfajiri, jua la Novemba liko utosini, chemchemi wanaziona kwa macho na adui amezikalia. Kulipoingia giza Stewart akaamuru warudi Namanga. Upande mmoja wa pigo lile ukawa umekwisha kabla ya upande wa pili kuanza hasa. Na mpango haukuwa kuuteka mlima tu. Stewart alitakiwa awashughulishe Wajerumani wa Kilimanjaro ili asiwepo wa kuteremka kwenda kuisaidia Tanga.

Mama wa dumu alishuka pale njia panda. Kondakta akamsaidia kulitua, naye akalikagua kwanza lile plastiki lililoziba mdomo kabla ya kumlipa.

*

Arusha nilipanda basi la Tanga. Kuanzia Moshi barabara inakwenda karibu na reli ileile ya Usambara, na kwangu hiki ndicho kipande cha maana kuliko vyote, ingawa hapakupigwa risasi hata moja.

Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilikwenda kwa kujikokota, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka baharini. Ilijengwa kwa ajili ya mkonge, kahawa na mbao. Mwaka 1914 ikawa silaha kubwa kuliko mzinga wowote ambao Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alikuwa nao. Yeye alikuwa amejikita upande wa Moshi. Simu ya Tanga ilipomfikia tarehe 2 kwamba meli zimeonekana, alianza kupakia askari kwenye mabehewa. Kombania moja ikitua Tanga, garimoshi linarudi kuchukua nyingine. Longido ilipoanza kuungua asubuhi ya tarehe 3, ilimbidi aamue amsaidie nani. Kwa kuwa alikuwa na waya wa simu na reli, aliweza kuviona viwanja vyote viwili kwa pamoja, akawa anahesabu kombania zake kama mama anavyohesabu sahani za wageni. Kraut aachiwe mlima na watu alio nao. Wengine wote Tanga.

Kwa Mwingereza mambo yalikuwa kinyume. Stewart mlimani na Meja Jenerali Arthur Aitken baharini walikuwa wa mpango mmoja, lakini hakuna aliyejua lililompata mwenzake. Wakati Stewart anageuza kurudi Namanga usiku wa tarehe 3, Aitken bado alikuwa anateremsha watu Ras Kasone, rasi iliyo kando ya mji wa Tanga.

Ukitaka kujua mpango ule ulitoka wapi, tazama majina ya vikosi. Jeshi la India lilitoa vikosi vya safari na kuvipa herufi. A kilikwenda Ufaransa, na wiki hiyohiyo kilikuwa kwenye matope ya Flanders, ambako vita vya Ypres, mji wa Ubelgiji, vilikuwa vinaendelea tangu Oktoba. B ndicho cha Aitken, watu wapatao 8,000, kilichoondoka Bombay tarehe 16 Oktoba. C kilipelekwa kulinda Kenya na reli ya Uganda, na humo ndimo alimokuwa Stewart. D kilikuwa kwenye maji ya Ghuba ya Uajemi, siku tatu kabla hakijatua Fao, mlangoni mwa Iraki. Nchi moja, jeshi moja, herufi nne. Mezani zinapangika vizuri sana. Lakini A ilipewa vikosi bora, na B ikakusanyiwa vilivyobaki. Baadhi ya vikosi vya Aitken havijawahi kufanya mazoezi pamoja, na wengine walikabidhiwa bunduki za aina mpya karibu na siku ya kupanda meli. Wakakaa baharini zaidi ya wiki mbili, wengi wakitapika, wengine hawajawahi kuiona bahari maishani mwao. Kwa hiyo huyo Rajput, askari wa Kihindi wa kikosi cha 13, aliyeteremka Ras Kasone usiku akiwa bado anahisi ardhi inayumba, sehemu ya balaa lake ilianzia Ypres. Sijui mtu afanye nini na jambo kama hilo, isipokuwa kulisema.

Tukapita Same. Dirishani milima ya Upare upande mmoja, mbuga upande mwingine. Nikatoa daftari nikaandika saa za siku ile, kwa saa zetu.

Saa zetu za Kiswahili zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na vita vya siku ile navyo vilianza hivyohivyo, jua linachomoza. Alfajiri Longido, alfajiri Tanga. Na alfajiri hiyohiyo, kaskazini mwa Bahari ya Mediterania, kwenye mlango wa Dardanelles, manowari mbili za Uingereza na mbili za Ufaransa chini ya Admirali Sackville Carden zilipiga ngome za Waturuki kwa dakika zisizozidi ishirini hivi. Uingereza yenyewe ilikuwa haijatangaza rasmi vita na Uturuki. Tangazo lilitoka tarehe 5. Kombora moja likaingia ghala la baruti la Sedd el Bahr, likalipuka, wakafa askari 86. Manowari zikageuka zikaondoka. Kwetu ilipokaribia saa nne asubuhi, kule mashariki mwa Uingereza kulikuwa kunapambazuka, na manowari za Kijerumani za Admirali Franz Hipper zikaufyatulia mji wa Yarmouth. Makombora mengi yaliangukia ufukweni. Na siku hiyohiyo, ng'ambo nyingine kabisa ya dunia, Admirali von Spee alitia nanga Valparaíso nchini Chile, siku mbili baada ya kuzizamisha meli mbili za Kiingereza huko Coronel.

Nikiyatazama hayo yote kwa pamoja, nakiona kitu kimoja kinachojirudia: mabomu ya kutega majini. Wajerumani walipoondoka Yarmouth waliacha mabomu nyuma yao, na nyambizi ya Kiingereza D5 iliyotoka kuwafukuza ikagonga bomu na kuzama, wakapona wachache tu. Meli za Hipper ziliporudi kwao, moja ya manowari za Kijerumani, Yorck, ikagonga mabomu ya Wajerumani wenyewe yaliyotegwa kulinda bandari, ikazama na mamia ya mabaharia. Waturuki nao, baada ya kugongewa mlango kwa dakika zile chache, waliendelea kuujaza mlango wao mabomu na mizinga, na tarehe 18 Machi 1915 wenye manowari waliporudi kwa nguvu zote walipoteza meli kubwa tatu kwa siku moja. Na Tanga? Tanga bandarini hapakuwa na bomu hata moja. Lakini hofu ya mabomu yasiyokuwepo iliwagharimu Waingereza wakati uliomtosha Lettow-Vorbeck kuleta magarimoshi yake.

*

Turudi nyuma siku moja, maana hiki ndicho kisa ninachokirudia kila mara kichwani.

Tangu Agosti palikuwa na makubaliano kati ya maofisa wa manowari za Kiingereza na Gavana Schnee wa Wajerumani kwamba Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe. Wakubwa London hawakuyakubali. Sasa kabla ya kushambulia, wakaona ni heshima kumwarifu adui kwamba makubaliano yamekwisha. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ikaingia Tanga peke yake, ikipeperusha bendera nyeupe. Nahodha wake, Francis Caulfeild, akampa mkuu wa wilaya, Auracher, saa moja aisalimishe Tanga. Akamwuliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Wewe ungejibu nini? Auracher hakumpa jibu la kumtuliza. Alirudi nchi kavu, akapiga simu Moshi, akavaa sare zake za kijeshi, akaenda kujiunga na askari wake. Saa ikapita. Fox ikageuka kwenda kuziita meli zilizobeba jeshi, kumi na nne, zilizokuwa zimengoja mbali baharini. Kisha ukaanza usafishaji wa mabomu yasiyokuwepo.

Kwa desturi yetu, mtu akipiga hodi anasubiri kukaribishwa, na asipokaribishwa anakwenda zake. Akishakwenda, mwenye nyumba anajua nani alikuja, alisimama wapi, na huenda atarudi saa ngapi. Waingereza walipiga hodi mbili wiki ile, moja Tanga tarehe 2 na moja Dardanelles tarehe 3, na zote mbili wakageuka kwanza. Waliozilipia si wao waliozipiga.

Mombasa, siku chache kabla, Aitken alikuwa amepewa nafasi ya kuchukua askari wa KAR, yaani jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliojua pori na hewa ya nchi hii. Alikataa. Akaona askari wa India wanamtosha. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nataka kumshika mkono.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3, watu wa kwanza wakateremshwa Ras Kasone. Si bandarini, kwa kuogopa mabomu. Waliletwa kwenye mikoko, kwenye matope, chini ya mwamba, kwenye sehemu ambayo mvuvi wa kwetu hawezi kuichagua hata kwa kulazimishwa. Mbalamwezi ilikuwa kali. Brigedia Jenerali Michael Tighe akapanga Warajput wa kikosi cha 13 na Mapaionia, askari wa kazi za ujenzi na mapigano, wa kikosi cha 61, akawapeleka mbele kabla hakujapambazuka vizuri, bila kungoja wenzao waliokuwa bado melini. Walipita kwenye mashamba ya mpira na mkonge na vichaka, hawaoni hatua hamsini mbele.

Kabla ya kufika mjini kuna mahali reli inapita ndani ya mtaro mpana uliochimbwa kwenda chini, ukiwa kama handaki refu lililojengwa na serikali kabla ya vita kufikiriwa. Askari walijipanga humo na kwenye nyumba za nyuma yake. Hawakuwa wengi asubuhi ile: kombania ya 17 na polisi, na wale wa kwanza waliotoka Moshi. Bunduki za wengi wao zilikuwa za mtindo wa mwaka 1871, zenye baruti ya moshi, ukifyatua moja tu kila mtu anajua umelala wapi. Lakini walikuwa na bombomu, kama askari walivyoziita bunduki za mfululizo, na walikuwa wanaijua ardhi. Maofisa wa Warajput waliosimama wapate kuona mbele walianguka. Kisha askari wakazunguka ubavuni, wakapiga, na safu nzima ya Tighe ikavunjika na kurudi hadi kwenye nyumba za Ras Kasone. Saa nne asubuhi hivi yalikuwa yamekwisha. Kule Yarmouth ndiyo kwanza makombora yanaanza kuanguka.

Ndiyo tarehe 3 hiyo ya Tanga. Asubuhi moja. Lakini iliwafunza wale askari wachache kwamba kundi lile kubwa linaweza kurudishwa. Na Aitken, badala ya kupeleka watu palepale upya, alitumia siku yote iliyobaki kuteremsha waliosalia. Usiku ule Lettow-Vorbeck akashuka kwenye garimoshi, akachukua baiskeli, akaingia mjini kwa mbalamwezi hadi karibu na bandari. Akaziona meli zimewaka taa, akasikia kelele za watu wanaoteremka. Mji ulikuwa kimya. Akarudi kupanga watu wake, elfu moja hivi, dhidi ya elfu nane.

*

Ya tarehe 4 nitayapitia upesi, kwa kuwa yana wasimulizi wengi. Mchana Aitken alisogea. Watu wa Lancashire na wanajeshi wa Kashmir waliingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba. Haifai kusema kwamba jeshi lote la India lilikimbia siku ile. Hao wa Kashmir walipigana kama simba. Upande wa kusini bombomu na kombania za akiba za Wajerumani ziliuvunja ubavu wote wa Waingereza. Ndipo aliuawa Kapteni Tom von Prince, yule aliyekuwa vitani na Mkwawa wa Wahehe miaka ya 1890, watu wakimwita Bwana Sakarani.

Na nyuki. Kwetu neno ni mzinga, la nyuki na la baruti vilevile, na siku ile mizinga ya aina zote mbili ilifunguka. Risasi zilipasua makundi ya nyuki wa mitini, nao hawakuuliza nani ni wa nani. Kikosi cha 98 cha jeshi la India kilitawanyika, lakini hata wapiga bombomu wa Kijerumani waliacha silaha zao wakakimbia. Baadaye kuna Waingereza waliosadiki kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale kwa nyaya. Mtu yeyote aliyekulia karibu na mkorosho wenye nyuki angewaambia kwamba nyuki hahitaji kutegwa.

Kufikia jioni ilikuwa imekwisha. Tarehe 5 wakarudi melini, wakaacha bunduki zaidi ya 400, risasi zaidi ya nusu milioni, bombomu, vyombo vya simu, mablanketi na makoti. Kombania za Lettow-Vorbeck zilizokuwa na bunduki za moshi zikapata mpya. Vita ambavyo vingeweza kuisha mwaka uleule vikaendelea hadi tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala, nchini Zambia, na vikameza wapagazi kwa makumi ya maelfu, kutoka Ukamba hadi Ungoni, kutoka Kongo hadi Nyasa. Serikali ya Uingereza iliificha habari ya Tanga kwa raia wake kwa miezi. Aitken aliteremshwa cheo.

Hesabu ya Waingereza ni watu 817 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, na waliokufa kati yao ni karibu 360. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 16 na askari weusi 55. Wale 16 tunaweza kuwatafuta kwa majina. Waliotoka India wana makaburi ya kumbukumbu Tanga, yanayotunzwa hadi leo. Wale 55 ni namba, ingawa ndio waliolala kwenye mtaro wa reli asubuhi ya tarehe 3 na bunduki zinazotoa moshi. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, na wengine walikuwa na wake na watoto waliokuwa wakifuatana na kombania. Mtu alikwenda kuwaambia hao wake. Habari hiyo ilisemwa kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mimi na wewe tungeyaelewa yote. Hayo ndiyo ninayoyataka kuliko hesabu ya bunduki.

*

Basi liliingia Kange saa tisa na nusu alasiri. Msafiri yeyote wa Tanga anaijua Kange: stendi kuu, wapiga debe, bajaji zimejipanga, mama ntilie wa pale pembeni mwenye samaki wa kukaanga wanaokwisha kabla ya saa saba. Kondakta akapiga ubavu wa gari, "Kange, mwisho wa gari!"

Kange ndipo garimoshi la Lettow-Vorbeck liliposhusha watu, nje ya mji. Na usiku wa tarehe 4, baada ya ushindi, tarumbeta ilipigwa, askari wakadhani ni amri ya kurudi kambini, wakaondoka wote mjini wakaja Kange. Kwa saa kadhaa Tanga ilibaki wazi, haina mlinzi, na waliokuja kutoka Bombay kuichukua walikuwa mwendo wa saa moja tu kwa miguu, Ras Kasone, hawajui. Mji uliogombewa siku mbili ukalala peke yake na wafu.

Nikachukua bajaji hadi Ras Kasone. Kijana dereva alikuwa na haraka, lakini nilipomwambia niende moja kwa moja ufukweni upande wa mikoko, akageuka kunitazama.

"Kule hakuna kitu, kaka. Ni matope tu."

"Ndiyo hayohayo."

Maji yalikuwa yamekupwa. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Hatua ya kwanza kifundo cha mguu, ya tatu nusu ya muundi, ya sita nikabaki nimesimama, mguu mmoja hautoki. Mizizi ya mikoko ilikuwa imechomoza kila mahali kama misumari ya mbao, na ukitaka kujishika unashika oyster zilizogandamana na mti, zinakata. Mimi sikuwa na bunduki, wala mzigo mgongoni, wala viatu vya ngozi. Ilikuwa alasiri, jua lipo. Nilichukua muda mrefu kufika pakavu, na kiganja kilikuwa kinatoka damu.

Dereva alikuwa amezima bajaji. Alinimwagia maji ya kunawa kutoka kwenye chupa yake ya kunywa, mpaka ikaisha. Nikamwambia atosheke, ya kunywa atapata wapi.

"Nawa tu, kaka," akasema. "Maji yapo hapo juu dukani."